UZI: Kati ya hekta 0.05 na hekta 0.045, ploti ipi ni kubwa? Tuiongee desimali vizuri

Mwalimu_wa_Jioni (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wadau. Mimi hufundisha hesabu watoto wa mtaa wetu jioni hapa Eastlands, na wazazi wengine huketi nyuma wakisikiliza. Juzi tulikuwa na nakala za hati mbili za ploti za kule Kamulu. Moja imeandikwa hekta 0.05, nyingine hekta 0.045. Nikauliza ipi kubwa. Watoto wengi, na wazazi si haba, wakasema 0.045, kwa kuwa arobaini na tano ni nyingi kuliko tano.

Kubwa ni ile ya 0.05. Ni mita mraba 500, na hiyo nyingine ni mita mraba 450. Hizo 50 zilizopungua ni vyumba kadhaa vya kupangisha, kwa hiyo mambo haya si ya darasani peke yake.

Kinachotupoteza ni mazoea. Katika nambari nzima, yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa: 450 inaipita 50, na huhitaji kuangalia zaidi. Ukivuka nukta, mazoea hayo hayakusaidii tena. Kila tarakimu thamani yake inatokana na nafasi iliposimama. Kushoto kwa nukta kuna mamoja, makumi, mamia, kila nafasi ikiwa mara kumi ya iliyo kuliani kwake. Kulia kwa nukta mwendo ni ule ule, unaendelea kushuka: sehemu za kumi, sehemu za mia, sehemu za elfu. Sasa linganisha nafasi kwa nafasi kuanzia kushoto. Sehemu za kumi: zote zina 0. Sehemu za mia: 0.05 ina 5, 0.045 ina 4. Mambo yameishia hapo. Ile 5 ya mwisho ni sehemu za elfu tu, haiwezi kuikomboa 4 iliyotangulia. Mtoto akisumbuka, mwambie aandike 0.050 chini yake 0.045. Ile sifuri ya mwisho haiongezi wala kupunguza kitu, ila sasa ataona ni 50 za elfu dhidi ya 45 za elfu.

Na tafadhali tuwasomee watoto "sifuri nukta sifuri nne tano". Ukisoma "arobaini na tano" baada ya nukta, umeshampotosha kabla hajashika kalamu.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo ndilo limenifanya nifungue uzi. Watoto wetu wanafundishwa sehemu muhula huu, desimali muhula ujao, asilimia baadaye, na wanamaliza wakiamini hizo ni aina tatu za nambari. Si kweli. 1/8, 0.125 na asilimia 12.5 ni nambari moja iliyoandikwa kwa njia tatu. Mama wa kibandani ni Mama Achieng kwa wateja, na benki ana jina la kwenye kitambulisho, lakini anayekuja ni mtu yule yule. Hata 7 ni desimali ukitaka: 7.0. Hasi nazo zimo: -2.5 iko katikati kabisa ya -3 na -2. Chora mstari mmoja, weka sifuri katikati, na kila nambari tunayoijua itapata mahali pake hapo, haidhuru imeandikwa vipi.

Turudi kwenye ardhi, maana hapa Nairobi ndipo watu wanapoumia. Ploti nyingi hutangazwa kuwa ni ekari moja ya nane, na hati huandikwa kwa hekta. Ekari ni takriban hekta 0.4047. Moja ya nane ni 0.125. Zidisha: 0.125 × 0.4047 ni kama 0.0506. Hiyo ndiyo moja ya nane kamili. Sasa ile ploti ya 50 kwa 100 ambayo kila mtu anaijua ni futi mraba 5,000, wakati moja ya nane ya ekari ni futi mraba 5,445. Kwa mita, 50 kwa 100 ni 15.24 kwa 30.48, karibu mita mraba 464.5, yaani hekta 0.0465 hivi. Kwa hiyo 0.0506, 0.0465 na 0.045 ni ploti tatu tofauti, na zote nimezisikia zikiitwa kwa jina moja. Anayeweza kugeuza sehemu kuwa desimali ataziona tofauti hizo kabla hajatoa pesa.

Karibuni na maswali.

Mzazi_Gredi5

Mwalimu, asante sana. Swali langu: binti yangu anageuza sehemu kuwa desimali kwa kugawanya, juu kwa chini. 1/8 ilimwishia vizuri, 0.125. Alipofika 1/3 akajaza mstari mzima wa 3 akanijia akilia kwamba haishi. Kwa nini nyingine zinaisha na nyingine haziishi?

Mwalimu_wa_Jioni

Mama, mpe pole na umwambie hajakosea popote.

Desimali inajua kugawa kwa 10, 100, 1,000 na kuendelea, basi. Na 10 ni 2 × 5. Kwa hiyo sehemu itaisha ikiwa nambari ya chini, baada ya kurahisishwa, imejengwa kwa 2 na 5 pekee. 8 ni 2 × 2 × 2, kwa hiyo unaweza kuifikisha 1,000 kwa kuizidisha na 125. Ndiyo maana 1/8 ni 125/1,000. 20, 25, 40, zote zinaisha. Lakini 3 haiingii sawasawa ndani ya 10, wala 100, wala milioni. Kila mara inabaki 1. Baki likirudi lile lile, tarakimu nayo inarudi ile ile, milele.

Mpe 1/7 aifanye kwa mkono, bila kikokotoo, na aandike mabaki pembeni. Atapata 0.142857 kisha ianze tena 142857. Mabaki yake yatakuwa 1, 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 tena. Ukigawanya kwa 7, baki lisilo sifuri ni lazima liwe kati ya 1 na 6. Ukishayatumia yote sita, la saba halina budi kuwa moja uliyokwisha kuliona. Kwa hiyo sehemu yoyote duniani, desimali yake ama inaisha ama inajirudia. Njia ya tatu haipo.

Fundi_wa_Mjengo

Niongeze la kwetu. Kwenye mjengo mmoja tulilipwa kwa saa, shilingi 100 kwa saa. Unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa tisa na dakika arobaini na tano. Hiyo ni saa saba na dakika 45. Karani akawa anaandika 7.45 kwenye kompyuta na kuzidisha. Tukawa tunapata 745 badala ya 775. Kwa siku ni kidogo, lakini hesabu watu wote wa pale kwa mwezi mzima. Tulipolalamika tukaambiwa kompyuta haikosei.

Karani_wa_Biashara

Ndugu fundi, hapo mlipunjwa na haki yenu ni 775. Dakika 45 ni 45/60, ambayo ni 3/4, ambayo ni 0.75. Saa inagawanywa mara 60 na desimali inagawanya mara kumi, huwezi kuweka nukta mahali pa zile nukta mbili za 7:45 ukadhani umemaliza. Dakika 30 ni 0.5, dakika 15 ni 0.25, dakika 6 ni 0.1. Wote mnaolipwa kwa saa, kagueni hiyo laha.

Mimi naona lile lile kwenye makato ya mshahara. SHIF, yaani mfuko wa bima ya afya, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asilimia ni kugawa kwa mia, kwa hiyo 2.75 inakuwa 0.0275. Mshahara wa 30,000 unakatwa 825. Nimeshaona mtu amezidisha kwa 0.275 akapata 8,250 na akaanza kuisimanga serikali. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 0.015, unakatwa 450. Ukiona jibu limeruka mara kumi, usitafute mbali, ni nukta imesogea nafasi moja.

Jingine ni kukadiria. Senti siku hizi tunaziona kwenye maandishi zaidi ya mkononi. Sarafu mpya za 2018 zinaanzia shilingi moja. Lakini bei bado zina senti: Novemba 2024 lita ya petroli hapa Nairobi ilikuwa 180.66. Mwenye kujaza lita 40 alilipa 7,226.40. Ukiikadiria bei kwanza kuwa 181, unafika 7,240, umejiongezea 13.60 isiyokuwepo. Kadiria mwishoni, hesabu ikishakamilika.

Mwalimu_wa_Jioni

Karani umesema vizuri. Na ile saa ya fundi ina somo zuri ndani yake. Watu wa Babeli ya kale ndio waliohesabu kwa 60, na dakika na sekunde zetu zinatoka huko. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, ina 3 ndani yake. Ndiyo maana theluthi ya saa ni dakika 20 kamili, haina mabaki, ilhali kwa desimali ni 0.333... isiyoisha. Tazama hapo: theluthi ni ile ile. Kuisha au kutoisha hakukutoka kwake, kumetoka kwa kumi tuliyoichagua kuiandikia.

Msimbo254

Mwalimu hilo limenigusa. Mimi ni mwandishi wa programu. Lugha nyingi za programu ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Wanaoanza kazi hii hudhani mashine imeharibika. Kompyuta inahesabu kwa mbili, na mbili haina 5 ndani yake, kwa hiyo 1/10 kwake ni kama 1/3 kwetu: inaandikika 0.000110011001... na haiishi. Mashine inakata mahali fulani, na kile kilichokatwa kinajitokeza kwenye jumla.

Kwa wanaojenga mifumo ya malipo, hifadhini pesa kwa senti, kama nambari nzima. 180.66 iwe 18066. Weka nukta wakati wa kumwonyesha mteja tu.

Nipe_Ushahidi

Nimefuatilia uzi na nimekubali yote, ila kuna kitu nilisoma mahali eti 0.999... isiyoisha ni sawa na 1. Hiyo siikubali. Hata ukiandika 9 hadi kesho, itakuwa imekaribia tu, haijafika.

Mwalimu_wa_Jioni

Ndugu, ungekuwa sahihi kabisa kama tungesimama mahali. 0.9 si 1. 0.999 si 1. 9 milioni moja baada ya nukta si 1. Lakini zile nukta tatu zinasema hatusimami. Hakuna mtu anayeandika 9 moja baada ya nyingine, zote zimo tayari.

Umekubali 1/3 ni 0.333... Zidisha kwa 3 pande zote. Kushoto unapata 1. Kulia unapata 0.999...

Kama hiyo haikutoshi, ita nambari hiyo N. Mara kumi yake ni 9.999... Ondoa N yenyewe: 10N - N ni 9 kamili, maana mikia yote miwili ni sawasawa. 9N ni 9, N ni 1.

Na kama bado, nipe nambari iliyo kati ya 0.999... na 1. Nambari mbili tofauti daima zina nyingine katikati, hata zikaribiane vipi. Jumlisha zote mbili ugawe kwa 2 utaipata. Hapa huwezi kutaja hata moja. Ni zile tulizozisema mwanzo, nambari moja yenye maandishi mawili, kama 1/2 na 2/4.

Nipe_Ushahidi

Ile ya kutaja ya katikati imenifunga. Nimekubali. Je, njia hiyo ya kuondoa mkia inafanya kazi kwa nyingine?

Mwalimu_wa_Jioni

Kwa zote zinazojirudia. Chukua 0.363636... Inajirudia kila baada ya tarakimu mbili, kwa hiyo zidisha kwa 100: 36.3636... Ondoa yenyewe, unabaki na 99N = 36. N ni 36/99, rahisisha, 4/11. Kwa hiyo mlango unafunguka pande zote: kila sehemu inatoa desimali inayoisha au inayojirudia, na kila desimali inayoisha au kujirudia inarudi kuwa sehemu. Hizo ndizo huitwa nambari wiano.

Kidato_cha_Nne

Habari ya jioni mwalimu. Kwa mtihani tunaambiwa tumia π = 22/7 au 3.142. Kama 22/7 ni sehemu basi inajirudia. Lakini mwalimu wetu alisema π haijirudii kamwe. Sasa wanajuaje? Hakuna aliyeangalia tarakimu zote.

Mwalimu_wa_Jioni

Kijana, hilo ndilo swali bora la uzi huu, nitalijibu kwa utulivu.

Kwanza, 22/7 si π. 22/7 ni 3.142857142857... na π ni 3.14159265... Zinakubaliana kwa desimali mbili tu, kisha zinaachana. Kwa kazi nyingi haidhuru: uwanja wa duara wenye kipenyo cha kilomita moja, mzingo wake kwa 22/7 unazidi ule wa kweli kwa mita 1.26 hivi. Kwa tangi la maji la nyumbani hutaona tofauti. Mtihani unakupa 22/7 kwa sababu 7 inakatana vizuri na vipenyo vya 14, 21, 28.

Pili, wanajuaje. Umesema kweli, kuangalia tarakimu hakuthibitishi chochote. Hata ukiona trilioni hazijirudii, huenda zingeanza baadaye. Inabidi kupita mlango mwingine: kama desimali ingejirudia, ingekuwa sehemu. Basi onyesha haiwezi kuwa sehemu, na umemaliza bila kuangalia tarakimu hata moja.

Kwa π ushahidi ni mgumu, aliutoa Johann Lambert mwaka 1761. Kwa kipeuo cha pili cha 2 unaweza kuufuata leo. Tuseme √2 ni p/q, imerahisishwa hadi mwisho. Basi p × p ni 2 × q × q, kwa hiyo p × p ni shufwa, na p yenyewe ni shufwa, maana witiri mara witiri hutoa witiri. Iandike p kama 2k. Sasa 4 × k × k ni 2 × q × q, yaani q × q ni 2 × k × k, na q nayo ni shufwa. Lakini tulisema imerahisishwa hadi mwisho, haiwezekani zote mbili kugawanyika kwa 2. Dhana imejivunja yenyewe. √2 si sehemu, na desimali yake, 1.41421356..., haitajirudia kamwe.

Unayo √2 kwenye mkoba wako, au jirani yake wa karibu. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Gawanya 297 kwa 210: unapata 99/70, ambayo ni 1.4142857142857... Ilitengenezwa kuwa √2 kwa makusudi, ili ukiikunja nusu umbo libaki lile lile. Lakini milimita nzima haziwezi kuifikia √2, kwa hiyo wakachukua sehemu iliyo karibu. Na angalia mkia wa 99/70: 142857, ile ile ya 1/7 tuliyompa mtoto wa Mama Gredi5, kwa kuwa 7 imo ndani ya 70.

Msomaji_wa_Historia

Kwa wanaopenda chimbuko: hii si hesabu ya Wazungu peke yao. Al-Uqlidisi alitumia desimali Dameski katikati ya karne ya 10. Al-Kashi wa Samarkand alizifafanua kwa mapana mwaka 1427, na miaka michache kabla yake, 1424, alikuwa ameifikisha π desimali 16. Ulaya Simon Stevin wa Bruges alizieneza mwaka 1585, ila yeye hakutumia nukta, alizitia tarakimu alama za viduara. Na ile √2 ya mwalimu ipo kwenye kibao cha udongo cha Babeli cha miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, kwa hesabu ya 60, na iko sahihi hadi desimali tano.

Pia mnaoagiza bidhaa kutoka Ufaransa au Ujerumani, wao huweka koma mahali pa nukta. 1,500 kwao inaweza kuwa moja na nusu. Soma ankara mara mbili.

Mzazi_Gredi5

Mwalimu, binti yangu alimaliza 1/7 na mabaki yakatoka vile vile ulivyosema. Akaona raha, akajipa 1/13 mwenyewe. Kwa maelezo yako tulitegemea tarakimu 12 kabla ya kujirudia, maana mabaki yanaweza kuwa 1 hadi 12. Amepata 0.076923 kisha inarudi. Sita tu. Amerudia na jibu ni lile lile. Amekosea wapi?

Mwalimu_wa_Jioni

Hajakosea hata kidogo. Nilisema mabaki hayawezi kuzidi idadi hiyo, sikusema lazima yatumike yote. Mwambie atazame mabaki aliyoandika pembeni: 1, 10, 9, 12, 3, 4, halafu 1. Kuna mengine sita hayakutokea kabisa. Sasa afanye 2/13. Atapata 0.153846, na pembeni yatatokea 2, 7, 5, 11, 6, 8, yale yale yaliyokosekana. 13 imeyagawa mabaki yake makundi mawili, na kundi moja halikutani na jingine. Akimaliza hiyo ajaribu 1/17, ila mpe karatasi ndefu.